Waya Mmoja, Kitufe Kimoja

Ilitangazwa rasmi, kwa sauti na kwa maandishi, na tangazo likabandikwa mlangoni kwa gundi ambayo haijaachia hadi leo, kwamba Ukumbi wa Mikutano wa mradi wa nyumba, Soweto East, Nairobi, umerahisishwa. Mtoa mada yeyote, wa cheo chochote, atakuta mbele yake waya mmoja na kitufe kimoja. Atachomeka waya, atabonyeza kitufe, na picha itaonekana ukutani. Hakuna fundi, msaidizi wala mtu mwingine yeyote atakayehitajika. Aliyetia sahihi ni Bwana Ambrose Kagiri, afisa wa mradi, mtu mnyofu ambaye hajawahi kusema uongo bila kuuamini kwanza.

Ili kulielewa tangazo hilo, sharti umjue Mutuku wa makochi.

Mutuku alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa na nyundo ya babake na imani kwamba watu wa mjini hukaa chini sana. Imani hiyo haikumwangusha. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda Soweto West, kando ya njia, akitengeneza makochi ya watu wawili, ya watu watatu, na moja la watu saba aliloagizwa na kanisa fulani na ambalo hadi leo halijapata mlango wa kupitia. Siri ya kochi lake hakuificha. "Kochi ni kuvuta," alizoea kusema. Mikanda ya mpira aliivuta hadi ikalia kama gitaa, kitambaa akakivuta hadi kikaisha kunyanzi, ndipo akapiga misumari. Kochi legevu lilikuwa, kwake, aibu ya ukoo mzima.

Kisha barabara ikaja. Kwenye ramani ilikuwa mstari mwembamba. Ilipofika ardhini ikanenepa. Tingatinga lilipita asubuhi moja, na jioni yake Mutuku akawa anahamishia karakana nyumbani, Kawangware 46, kwenye chumba kimoja alichokuwa amekodi na mkewe Kanini na watoto wao.

Kufika kitandani katika chumba kile kulitaka mtu apande kochi la watu watatu, ashuke upande wa pili, kisha apite kimbavumbavu kando ya jingine lisilo na mgongo. Nzomo, kifungua mimba, alifanya kazi za shule akiwa ndani ya fremu ambayo haijatiwa kitako, kama kuku kwenye tenga. Kanini alipika akiwa amesimama, akala akiwa amesimama, kwa sababu katika nyumba ya mtengeneza makochi hapakuwa na mahali pa kukaa.

"Baba Nzomo," alimwambia siku moja, "jana nimepata sponji kwa sufuria ya sukuma."

"Kubwa?"

"Hilo ni swali la kuuliza mtu?"

Mwenye ploti, mama mmoja aitwaye Wakarima, alikuja kuzungumza nao na akalazimika kuzungumza kutoka nje, kwa kuwa mlango ulifunguka nusu tu. "Fundi," alisema, "hii nyumba nilikodisha watu. Mwisho wa mwezi nataka kukuta watu, ama nikute makochi. Siwezi kukuta vyote viwili. Na kama ni makochi, watu watoke."

Ndiyo maana Mutuku alikitaka kibanda katika soko jipya nyuma ya ghorofa za mradi, Soweto East. Wote waliobomolewa na barabara waliruhusiwa kuomba. Waombaji walikuwa wengi na vibanda vilikuwa vichache, kwa hiyo ikaamuliwa iwe kura. Na kwa kuwa kura iliyotangulia ilikuwa na karatasi, na karatasi ile ilikuwa imeingia ofisini na majina fulani ikatoka na mengine, safari hii hapangekuwa na karatasi kabisa. Majina yangetokea ukutani, moja baada ya jingine, kila mtu akiona. Jina likitokea, litaitwa mara tatu. Mwenyewe asimame na kitambulisho chake. Si mke, si shemeji, si mtu wa kanisa lake. Asiposimama, kibanda kinaenda kwa anayefuata. Na jina lisilo ukutani si jina. Hiyo ndiyo iliitwa uwazi.

Shida ilikuwa ukuta wenyewe. Ukumbi ule ulikuwa na sifa. Kulikuwa na projekta darini na rimoti nyingi, mojawapo ikiwa ya mashine iliyoibwa zamani lakini ikatunzwa kwa heshima ya marehemu. Kulikuwa na nyaya za kila rangi, zimeviringana kama matumbo. Kila mkutano ulianza kwa mtoa mada kuuliza, "Mnaona? Sasa je, mnaona?" na wakazi kujibu "Hapana!" kwa umoja ambao haukupatikana kwenye ajenda nyingine yoyote. Daktari aliyekuja kufundisha juu ya kipindupindu aliishia kuonyesha harusi ya shemeji yake, picha baada ya picha, akihangaika kuizima. Wakazi waliifurahia. Kulikuwa hata na maswali.

Kagiri aliwaza juu ya jambo hilo akafikia uamuzi kwamba tatizo si vitu kuharibika, bali vitu kuonekana. Akamwita Mutuku.

"Nitengenezee kabati hapo chini ya ukuta. Vitu yote iingie ndani. Mtu akikuja aone waya moja na button moja. Basi."

"Na zile zingine, mkubwa?"

"Zifungie. Kitu huoni hakikusumbui."

Mutuku hakuwahi kujengea nyaya nyumba. Alijenga kama alivyojua. Plaiwudi nene, kona za msumeno safi, matundu madogo ya hewa upande wa mbele ili mashine isikose pumzi, na kitasa cha nje tu, kwa sababu hakuna mtu hukaa ndani ya kabati. Mashine ya kupeleka picha kwa projekta akaiweka ndani, upande wa ukuta, spika akaiweka kando yake, na nyaya akazifanyia yale ambayo mkono wake ulikuwa umezoea: akashika kila mmoja, akauvuta hadi ukanyooka kabisa, akaupigilia misumari ya kochi. Alipomaliza, hapakuwa na waya hata mmoja uliolegea. Kagiri alilifunga na kulifungua kabati mara kadhaa ili asikie kitasa kikilia.

"Haya ndiyo maendeleo," alisema, na siku hiyohiyo akaandika tangazo.

Siku ya kura watu walijaa mapema. Mgeni wa heshima, Madam mmoja kutoka makao makuu, alikuwa njiani. Lavender, karani wa mradi, alichomeka waya kwenye laptop yake, akabonyeza kitufe. Picha ikaja, ikatetemeka, ikaenda. Akasogeza laptop. Picha ikaja, ikaenda.

Mutuku, aliyekuwa amekaa na waombaji wenzake akiwa amevaa shati la Jumapili, aliinuka bila kuitwa. Alifungua kabati, akaingia nusu. Akaiona kazi yake. Waya ulikuwa umevutwa vizuri mno. Haukuwa na ulegevu wa kumpa Lavender hata kidole kimoja. Kila laptop iliposogea, kule ndani kiungo cha waya na mashine kilichomoka kidogo. Akakibana kwa dole gumba. Picha ikarudi. Akaachilia. Ikaenda. Misumari ilikuwa nyuma ya mashine, na kuing'oa kungetaka kabati lote livunjwe. Wakajaribu selotepu ya Lavender, ikadumu muda wa mtu kusema "imeshika."

Nje gari la mgeni lilipiga honi langoni, na karibu ukumbi wote ukageukia mlango.

"Shikilia tu kidogo," Kagiri alisema.

"Kidogo mpaka saa ngapi, mkubwa?"

"Mpaka iishe."

"Na jina yangu ikiitwa?"

"Nitakufungulia mimi mwenyewe."

"Si mtu mwingine ashike?"

"Nani? Kila mtu hapa anangoja jina yake." Hilo lilikuwa kweli. "Ama niahirishe? Nikiahirisha ni mwezi ujao, na hiyo nayo si promise."

Akilini Mutuku alimwona Wakarima amesimama mlangoni kwao Kawangware. Akaona watoto wamekaa juu ya fremu zao katikati ya ploti, mvua ikiamua la kufanya. Akaingiza miguu. Kagiri akafunga, na kitasa kikalia kwa ule mlio safi ambao Mutuku mwenyewe alikuwa amewasifia wenzake.

Ndani kulikuwa giza na joto. Magoti yalifika kidevuni. Mashine ilimpumulia shingoni kama ng'ombe. Kupitia matundu ya hewa aliona viatu vya mstari wa mbele, na akavitambua vya Kagiri, vya kahawia, vikisimama karibu na vya mgeni, vyeusi na vya bei ghali. Maombi yalipoanza yalimwingia kwa mbavu, kwa kuwa spika ilikuwa imemwegemea. Kisha Kagiri akapewa maiki, akasoma tangazo lake neno kwa neno. Hakuna fundi, alisema. Hakuna msaidizi. Hakuna mtu mwingine yeyote. Watu wakapiga makofi. Mutuku, hatua chache kutoka hapo, alijulishwa kwamba hayupo.

Majina yakaanza. Kila jina lilipotokea mtu alipiga kelele, viti vikaburutwa, mwanamke fulani akalia. Mutuku aliyasikia yote kama mtu aliyelazwa hospitali anavyosikia sherehe ya jirani. Dole likafa ganzi. Akabadilisha, na ukuta ukapepesa. "Ni network," alimsikia mtu akimweleza mwenzake kwa uhakika. Pua ikamwasha. Aliikuna kwa goti.

"Mutuku Mwanzia," alisema Lavender, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma majina tu.

Akatazama matundu. Viatu vya kahawia vilisogea, visigino vikainuka, kisha vikatua. Mgeni alikuwa ameinamia sikio la Kagiri akimnong'oneza jambo, na mtu anayenong'onezwa na mkubwa hainuki.

"Niko!" Mutuku alipaza sauti. "Niko hapa!"

"Mutuku Mwanzia, mara ya pili," spika ilimjibu sikioni, ikamfunika sauti, ikamfunika na mawazo. Akagonga ubao kwa kisigino. Watu wa mbele walidhani ni fundi wa ghorofani. Viatu vya kahawia vilikuwa vimetulia kabisa.

Mutuku akaachilia waya.

Ukuta ukabaki buluu tupu. Ukumbi ukaguna. Na Kagiri, ambaye hakuweza kuinuka kwa ajili ya mtu, aliweza kuinuka kwa ajili ya picha. Alikuja, akainama mbele ya kabati kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akasema na matundu.

"Mutuku! Shika!"

"Nimeitwa, mkubwa."

"Hujaitwa. Hakuna jina kwa ukuta."

"Ilikuwa hapo saa hii!"

"Ilikuwa. Lakini sheria ni jina iwe kwa ukuta. Shika irudi."

"Nikishika irudi, niko huku ndani."

"Ndiyo."

"Na nikitoka?"

"Hakuna jina."

Kuna vitabu vizito, vya watu wenye ndevu, juu ya mkwamo wa namna hii; hakuna hata kimoja ambacho mwandishi wake alikuwa ndani ya kabati.

"Nifungulie tu," Mutuku alisema.

"Mgeni anaona."

"Ataona mtu. Hajawahi kuona mtu?"

"Si kwa kabati."

Katika mstari wa mbele alikaa Filister Obiero, muuza samaki wa kukaanga, ambaye kibanda chake cha zamani kilikuwa kimepakana na cha Mutuku hadi siku ya tingatinga. Filister alikuwa amemwona Mutuku akiingia kabatini. Alisikia jina likiitwa mara ya kwanza na ya pili, na mara zote mbili alitazama dari. Hakuna haja ya kumlaumu. Vibanda vilikuwa vichache, na kabati halikuwa lake. Lakini sasa ukuta ulikuwa buluu, na katika ukuta wa buluu hata Filister hayumo. Akasimama.

"Wewe Kagiri, unaongea na kabati?"

Ukumbi ukacheka.

"Kaa chini, mama. Kuna shida kidogo ya—"

"Hapana, nisaidie nielewe. Inakujibu? Inasema nini? Fungua huyo Mkamba atoke! Amefungwa yeye ama tumefungwa sisi?"

Mgeni wa heshima akavua miwani. "Bwana Kagiri, kuna nini humo ndani?"

"Ni mitambo, Madam."

"Ni mimi," likasema kabati.

Kisha Kagiri, ambaye sura yake ilikuwa imekosa pa kwenda, akafungua kitasa. Mutuku akatoka kwa magoti, shati la Jumapili limelowa, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi.

"Woi!" alisema Filister. "Kumbe ulikuwa unaatamia mayai?"

Wengine walicheka hadi wakashikana. Mutuku hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta. Ulikuwa bado buluu.

"Lazima mtu ashike," alisema.

Watu wakaacha kucheka. Kila mmoja alitazama kiti cha mwenzake. Waliokwisha kupata walikumbuka wana shughuli nyumbani, na waliokuwa bado waliogopa kuitwa wakiwa ndani. Filister alimtazama Mutuku, akatazama ukuta, akapiga hesabu yake.

"Mimi nitashika. Lakini nikiitwa unarudi, Baba Nzomo."

"Nitarudi."

"Apa."

"Naapa."

"Wacha hiyo ya mdomo. Apa na makochi."

"Naapa na makochi."

Filister hakuumbwa kwa ajili ya kabati. Aliingia kwa kutanguliza mgongo, akilaani jina la aliyelijenga, na mlango ukakataa kufunga. Kagiri akauegemea kwa mgongo wake, uso kwa mgeni, mikono kifuani, akitabasamu kama mtu anayepumzika tu. Jina likarudi ukutani. Lavender, ambaye ni mtu wa sheria, hakuanza upya.

"Mutuku Mwanzia, mara ya tatu na ya mwisho."

"Niko!"

Aliinua kitambulisho kwa mkono ambao dole lake halikukunjika. Lavender akakitazama, akamtazama, akabonyeza. Kibanda kilikuwa chake. Mutuku alisimama pale asijue afanye nini na mwili wake. Akilini alimwona Kanini amekaa juu ya kochi, miguu ameinyosha. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua, na mtu alikuwa anachoma mahindi.

Hata kabla hajakaa, jina jingine likatokea, na lingine, kisha Lavender akasoma jina ambalo kelele za watu zililifunika, na sauti nzito ikatoka kabatini ikisema, "Hiyo si ni yangu? Someni vizuri! Si ni mimi hiyo?"

"Filister Obiero," Lavender alithibitisha.

Watu wote wakageuka kumtazama Mutuku. Yeye alikuwa bado anatazama mlango. Alikuwa na kibanda. Ofisi haingeweza kumpokonya kwa kosa la kwenda kula mahindi. Jina likaitwa mara ya pili. "Baba Nzomo!" kabati lilinguruma. "Makochi!"

Akarudi. Filister alitoka kwa kishindo, akapiga vigelegele, akacheza hadi mbele na kitambulisho kichwani, na hakugeuka nyuma tena. Mutuku alienea vizuri kuliko yeye. Mlango ukafunga bila kuegemewa, kitasa kikalia. Alibaki humo hadi jina la mwisho, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwapia chochote.

Akiwa ndani alimsikia mgeni wa heshima akifunga shughuli. Alikuwa ametembelea kumbi nyingi, alisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona wananchi wenyewe wakishika teknolojia kwa mikono yao. Akaomba mfano huo uandikwe kwenye ripoti na upelekwe mitaa mingine. Makofi. Viti. Harufu ya pilau ikipita, ikienda zake. Mutuku aliendelea kubana kiungo, kwa sababu kutoka ndani mtu hawezi kujua kama ukutani bado kuna kitu.

Aliyefungua ni Filister, chupa ya soda mkononi.

"Bado unashika? Lavender alienda na laptop yake kitambo!"

Mutuku alitazama dole lake.

"Chakula imeisha," Filister alisema. "Lakini nilikulindia soda. Nimekunywa kidogo tu."

Mwisho wa mwezi Wakarima alikuja Kawangware 46, akafungua mlango wote, akakuta watu. Kanini alimkaribisha akiwa ameketi. Makochi yalikuwa sokoni, kwenye kibanda chenye mlango wa chuma, ukuta mmoja na Filister, na sponji ya Mutuku ikaanza kunuka samaki, jambo ambalo wateja hulitumia kuomba bei ipunguzwe.

Alimwomba Kagiri ruhusa ya kulivunja kabati ili aulegeze ule waya. Kagiri alimwelewa kabisa. Lakini ukarabati ungehitaji barua ya kusema kuna hitilafu, na ripoti iliyokwisha kwenda makao makuu ilisema hakuna. "Tungoje iharibike vizuri," alishauri. Barua za vibanda, ambazo hutolewa upya kila mwaka, hutiwa sahihi na yeye Kagiri. Hakulitaja hilo, na Mutuku hakumlazimisha alitaje. Sifa za ukumbi zimeenea. Siku hizi huja watu wa maji, watu wa mikopo, watu wa kuzuia moto, na kila mmoja huchomeka waya wake mmoja na kubonyeza kitufe chake kimoja, na picha hutokea.

Mteja akifika sokoni siku kama hizo hukuta kibanda cha makochi kimefungwa, na humuuliza Filister.

"Fundi ako wapi?"

"Ako mkutano."

"Ni mwanachama?"

"Ni waya."

Tangazo bado liko mlangoni. Mvua imeshindwa kulibandua. Ndani ya kabati kuna kigoda kifupi, chenye sponji nene na kitambaa cha maua, kilichovutwa hadi hakina kunyanzi hata moja.